Epo Linaloitwa Manka

Wiki iliyopita nilipita kitaluni kuwasalimu, nikakuta mmeweka vibao vipya. Sikuvipenda. Glory, wewe ndiye uliyeniamkia, "Shikamoo babu," nami nikaitikia marahaba, halafu nikainama kusoma. Kibao cha kwanza kimeandikwa M-1. Cha pili M-1. Mstari mzima wa miche ya maepo, M-1, M-1, kama magunia ya mbolea. Nikauliza hii M ni nini. Ukanijibu, "Babu, ni Manka. Tumefupisha, inaingia vizuri kwenye simu." Nikaondoka bila kunywa chai yenu. Nasikia mkasema mzee amenuna. Ndiyo, nilinuna. Sasa hasira zimeshuka, nimepata daftari na kalamu, kaeni niwaeleze.

Mimi nimebebesha miche kwenye kitalu hicho tangu nikiwa na nywele kichwa kizima mpaka nikabakiwa na hizi za pembeni. Kubebesha, kwa asiyejua, ni kuchukua kijiti cha mti mzuri, tunakiita kikonyo, ukakiunga juu ya shina la mti mwingine mpaka vyote viwili viwe mti mmoja. Tulibebesha parachichi, tukabebesha machungwa, na kwa watu wa kule juu karibu na msitu tukabebesha maepo. Kwenye vitabu wanaandika tufaha. Mimi sijawahi kumsikia mtu wa Moshi akiomba auziwe tufaha.

Aliyenifundisha ni Mzee Anaeli, msimamizi wa kitalu kabla yangu. Alikuwa mfupi, mkali, na kofia ya sufu haikumtoka kichwani hata kwenye jua la Januari. Siku ya kwanza hakunipa kisu. Wiki nzima hakunipa kisu. Alinipa jiwe la mtoni akasema, "Noa." Nikanoa visu vya wenzangu mpaka vidole vikaota sugu. Yeye alivijaribu kwa kunyolea vinyweleo vya mkono wake, ndiyo maana mkono wake wa kushoto ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Kisu butu kinaponda, alikuwa akisema, na kidonda kilichopondwa hakiungi. Hilo mlishike hata kama mengine yote mtayasahau.

Nilipopewa kisu hatimaye, nilijiona daktari. Nikabebesha miche thelathini kwa siku moja, nikaifunga vizuri, nikaipanga kivulini. Mzee Anaeli akapita, akaangalia, akaenda zake. Nikamwagilia wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna kinachochipua. Siku moja akaja akasimama nyuma yangu na mikono mgongoni.

"Mbe, bwana wewe, unafanya nini?"

"Namwagilia miche, mzee."

"Unamwagilia kuni," akasema. "Vikonyo vyote umevipandikiza kichwa chini, miguu juu. Nimekuacha uendelee ili ujue kuchota maji ni kazi."

Jamani, nilicheka baadaye, siyo siku ile. Angalieni macho ya kijiti, yale yanayochipua, kabla hamjakata. Jicho linatazama juu siku zote.

Enzi hizo tulifungia kwa nyuzi za mgomba, halafu tukagundua mifuko ya maziwa. Wake zetu walitukusanyia, tunaosha, tunakata kanda nyembamba. Ukiosha vibaya, sisimizi wanahamia na familia zao. Siku hizi mnanunua ukanda dukani, unavutika, unashika vizuri. Sina ugomvi nao. Sina ugomvi na simu pia. Ugomvi wangu ni ile M-1.

Epo ni mti wa nchi za baridi, na baridi yetu haiutoshi. Ukiuacha, unabaki na majani mwaka mzima, hautaki kulala, na usipolala hautoi maua. Kwa hiyo tunaunyonyoa majani kwa mkono, moja moja, mpaka ubaki uchi. Hapo unadhani umepitiwa na baridi kali, unaamka na maua. Nilipounyonyoa mti wa kwanza nyumbani kwangu, jirani alimwita mke wangu pembeni akamwuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa na kama anahitaji kusindikizwa kwa mchungaji.

Sasa hiyo Manka yenu.

Juu ya mfongo, ule mfereji wa maji unaopita kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya kule kwetu, alikuwa akiishi mjane mmoja, Bibi Aisia. Watu walimwambia Mzee Anaeli kwamba kwenye kihamba chake, katikati ya migomba na kahawa, kuna mti wa epo unaozaa bila kunyonyolewa. Bila kunyonyolewa! Mzee hakuamini, na mimi sikuamini. Tukapanda kwenda kuona.

Ulikuwepo. Mti mnene, gamba lina ukoga, maepo madogo ya kijani yenye shavu jekundu upande wa jua. Bibi Aisia alitukatia moja kwa kisu cha jikoni. Ukali kidogo, utamu kidogo, na harufu iliyobaki mkononi mpaka nilipofika nyumbani. Mzee Anaeli alifumba macho akitafuna. Nilikuwa sijawahi kumwona akifumba macho mchana. Akaomba vikonyo.

"Hapana," Bibi akasema. "Kuleni mshibe, mwende."

Tukarudi mara ya pili, akakataa tena. Mara ya tatu alitukaribisha mtori, tukanywa, ndipo akazungumza. Alipokuwa binti mdogo aliyeolewa juzi tu, alizaa mtoto wa kike, mtoto wake wa kwanza. Mnajua kwetu binti wa kwanza huitwa Manka. Mtoto akafariki mchanga kabisa, kabla ya kubatizwa. Pale hospitali, mama mmoja wa kitanda cha jirani alimpa epo ale apate nguvu. Alikula, mbegu akazifunga kwenye pindo la khanga, akaja kuzifukia pale kwenye migomba alipozikwa mtoto. Ikaota moja. Baadaye Mungu akampa wavulana watano, hakumpa binti mwingine. Jina likabaki halina wa kulibeba, akaupa mti.

"Huu ni Manka," alisema. "Mkichukua kijiti, mmechukua na jina. Popote mtakapoupanda, mwenye shamba aambiwe hivyo. Mkikubali, kateni. Mkikataa, mlango ni ule."

Mzee Anaeli akavua kofia, nikaona upara wake kwa mara ya kwanza. "Tumekubali, mama," akasema. Nami nikasema tumekubali. Hapo mnisikilize vizuri: nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tukakata vikonyo. Vilishika karibu vyote. Jina tulilikwaruza kwa msumari kwenye vipande vya kopo la soda, maana wino wa kalamu hauvuki mvua mbili. Nakumbuka jinsi Mzee Anaeli alivyoandika, herufi kubwa, ulimi nje kama mwanafunzi: MANKA.

Muda ukapita, mzee akastaafu, nikakabidhiwa kitalu. Na hapa ndipo nilipoharibu.

Akaja bwana mmoja wa Holili, mchuuzi wa miche anayeuza huku na ng'ambo ya mpaka, amevaa miwani ya jua siku ya ukungu. Akazunguka, akaionja Manka, akasema epo zuri sana. Kisha akasoma kibao akacheka.

"Fundi, nani atanunua hili jina? Manka ni jina la shangazi yangu. Watu wanataka kitu cha nje. Andika Goldeni Kwini, nachukua mstari wote, na mwakani nachukua mwingine."

Miche ilikuwa imekaa mno, mizizi imeanza kutoboa mifuko ya viriba. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia mke wangu. Sababu yenyewe ni kwamba nilitaka kusifiwa. Nilitaka watu waseme tangu Anaeli aondoke kitalu kimechangamka. Nikakata makopo mapya, nikakwaruza Goldeni Kwini. Epo la kijani, wala halina dhahabu hata chembe! Yule bwana akachukua mstari wake, na iliyobaki nilipita nikiwauzia watu wa vihamba vya kwetu kwa jina hilohilo, nao waliigombania. Nikajipongeza. Nilijiambia Bibi Aisia hashuki siku hizi, miguu inamsumbua, hatajua.

Miaka mitatu baadaye ikaja Jumapili ya mavuno. Mnaijua ilivyo usharikani kwetu: watu wanaleta walichovuna, ibada ikiisha tunatoka nje, vitu vinapigwa mnada. Kuku, ndizi, maziwa, mpaka mwanakondoo anayelia kuliko kwaya. Wavulana wa Bibi Aisia walikuwa wamembeba mama yao kwenye gari, amekaa kwenye kiti mstari wa mbele, kitambaa cheupe kichwani. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akainua kikapu cha maepo.

"Goldeni Kwini hii, ya nje! Nani anaanza?"

Akachukua moja akampa Bibi Aisia kwa heshima, aonje. Bibi akang'ata. Akatafuna polepole. Nilikuwa nyuma ya kiti chake, karibu kiasi cha kumgusa bega.

"Hii ni Manka," akasema.

Mzee wa kanisa akacheka kwa upole. "Hapana bibi, hii ni ya nje. Hata fundi yupo hapa, atakwambia."

Watu wote wakanigeukia. Bibi naye akageuka, akaniangalia. Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. Nikaangalia viatu vyangu nikasema, "Zinafanana tu, bibi."

Hakugomba. Alilifunga lile epo kwenye pindo la khanga, akamwambia mwanawe ampeleke nyumbani. Mnada ukaendelea. Mimi nikabaki nimesimama pale, na mwanakondoo analia.

Siku ile sikula. Wala ya pili. Aibu niliyoiona sitaki kuipamba: nilikuwa nimemfukia yule mtoto mara ya pili, mbele ya usharika mzima, na mama yake amekaa kwenye kiti. Nikaenda kwa Mzee Anaeli kumweleza yote. Alinisikiliza akinoa kisu ambacho hakikuwa na kazi tena. Nilipomaliza akasema, "Kile kisu nilikupa mapema mno." Halafu akanyanyuka, akaenda kwenye ua wake, akachuma isale.

Ninyi wa siku hizi isale mnaliona tu linazunguka mipaka ya vihamba, mnadhani ni ua. Jani lile ndilo tunaloombea msamaha. Ukimkosea mtu ukamletea isale, ukiongozana na mtu mzima wa kukusemea, hawezi kukufukuza. Nimeshaona ndugu waliokuwa hawasalimiani wakikaa chini kwa sababu ya jani hilo. Tukapanda wawili, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na jani.

Bibi Aisia alikuwa akichambua maharage. Mzee Anaeli akasema yaliyotakiwa kusemwa, mimi nikapiga magoti nikatoa isale kwa mikono miwili. Alilipokea, akaliweka juu ya ungo wa maharage.

"Wewe nimekusamehe," akasema. "Isale halikataliwi. Lakini jina bado halijarudi. Nenda kalirudishe."

"Nitalirudisha vipi, bibi?"

"Ulilitoa kwa miguu au kwa gari?"

"Kwa miguu, kihamba kwa kihamba. Na kwa gari la yule bwana."

"Basi unaijua njia."

Vijana, nilitembea. Kila jioni baada ya kazi na kila Jumamosi, nikiwa na mfuko wa vipande vya makopo, msumari na koleo. Daftari la kitalu lilikuwa na majina ya walionunua kwetu. Nilifika mlangoni, nikasalimia, nikasema nimekosea, mti wenu siyo Goldeni Kwini, unaitwa Manka, na nimekuja kubadilisha kibao. Mnafikiri watu walifurahi?

Mmoja alifoka. "Wewe! Shemeji yangu amekuja kutoka Dar kupiga picha na mti wa nje. Leo unaniambia ni wa Bibi Aisia wa hapo juu ya mfongo?" Mwingine akafikiri nataka kuuchukua mti, akaita mbwa. Kuna aliyeupanda Mabogini, huko chini kwenye majaruba ya mpunga, kwenye joto lile. Majani matupu, matunda hakuna. Akaniuliza kama nikibadilisha jina utazaa. Nikamwambia baba, hapa hata uupe jina la malaika utazaa mbu tu.

Mwanzoni nilikuwa nabadilisha kibao na kuondoka, kwa sababu ya aibu. Mpaka mama mmoja akanishika mkono. "Subiri. Manka ni nani?" Nikashindwa kudanganya tena. Nikamweleza: mtoto, hospitali, mbegu kwenye pindo la khanga, na mimi na midomo yangu pale mnadani. Kisha akawaita wanawe waliokuwa wakicheza uani akasema, "Njooni msikie mti wetu ni wa nani." Kuanzia hapo nilieleza kila nyumba. Ilinichukua muda mrefu zaidi na vikombe vingi zaidi vya chai. Na nikaona kitu: nyumba niliyoacha kibao tu, nikipita tena wanasema "lile epo lako." Nyumba niliyoeleza, wanasema Manka, na wanawaeleza jirani zao.

Holili nilikwenda pia. Yule bwana alinicheka mpaka akavua miwani. Lakini miche iliyovuka mpaka sikuipata, na huko labda mpaka leo ni Kwini. Nilimwambia Bibi ukweli huo. Akasema, "Huko wakimbatiza jina lao, ni sawa. Hapa nyumbani ndipo nilipotaka."

Miaka michache ikapita, Manka ikaanza kushuka yenyewe mpaka mjini. Siku moja mwezi wa kuvuna, nilikwenda kwa Bibi Aisia nikamwambia, "Jiandae, nakupeleka Moshi." Akasema miguu haiwezi. Nikamwambia miguu ni ya bajaji. Wanawe wakalalamika, akawanyamazisha, akavaa kitambaa chake cheupe.

Nilimkalisha mtaa wa Majengo, kwenye benchi la fundi cherehani ninayemfahamu, kivulini, akapewa chai ya tangawizi. Ng'ambo ya njia palikuwa na binti mwenye beseni la maepo. Sikuwa nimempanga, nawaapia, nilijua tu huwa anakaa pale. Akafunika beseni kwa mkono jua lisiyapige, akaanza kuita wateja.

"Manka! Manka hapa! Mankaaa!"

Kikombe cha Bibi kikasimama njiani. Nikadhani nimemuumiza, nikaanza kusema twende. Akanionyesha kwa kidole ninyamaze. Watu wakapita, wakanunua. Mama mmoja akasema nipe Manka nne. Mwanafunzi akauliza Manka ya leo ni kali au tamu. Binti akaita tena, na tena, anaimba kabisa. Bibi alikuwa akisikiliza, chai imepoa mkononi.

"Aliishi siku tisa," akaniambia. Hilo alikuwa hajaniambia kabla. "Baba yake hakuwahi kulitaja lile jina, aliogopa. Mama mkwe alisema nisilitaje. Aliyemwita ni mimi peke yangu, siku tisa, na kwa sauti ndogo, nisisikike."

Nilimshika mkono tu, na hakuuondoa.

Adhuhuri ilipokaribia beseni likaisha. Binti akaligeuza, akapangusa maji, akaanza kujifunga khanga aondoke. Bibi Aisia akamwita kwa fimbo. Binti akavuka njia, akapiga goti kidogo. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ita tena."

"Bibi, yameisha, sijabakiwa hata na moja."

"Najua. Wewe ita tu."

Binti akaniangalia mimi. Nikamkubalia kwa kichwa. Akarudi kwenye nafasi yake, akaweka mkono kando ya mdomo, na njia nzima ikamsikia.

"Mankaaa!"

"Abee," akaitika Bibi Aisia.